Landrova Isiyo na Klachi

Lieleweke kwanza kwamba gari lilikuwa langu. Baba yetu, mzee Sabiti, alipofariki, Landrova yake ya mwaka hamsini na nane ilikuwa imekaa uani miaka tisa, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Ndugu wakasema iuzwe chuma chakavu. Nikasema nipeni mimi hiyo, vingine vyote gawaneni. Wakanipa huku wanacheka. Walidhani nimechanganyikiwa kwa msiba, nami sikuwakatalia, kwa sababu mtu akikudhania mjinga hakubani sana.

Mguu wangu wa kushoto ulikauka nikiwa na miaka mitatu. Nilipata homa siku nne, ya tano ikaondoka na mguu. Tangu hapo natembea na gongo, na mwaka huo wa themanini na moja nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Nilikuwa nauza mchele, dagaa na khanga kwa wachimbaji wa dhahabu kule Segese, nikidandia malori ya watu. Dereva akiamua kulala Kahama, nalala Kahama. Akiamua kupitia kwa hawara yake, namsubiri nje nimekalia gunia. Nilichoka, na sioni haya kusema kwamba nilichoka.

Basi mchele huo huo ukaifufua Landrova, mwaka mzima, kipande kwa kipande, kwa fundi Theonest mwenye gereji nyuma ya stesheni ya Shinyanga. Theonest alikuwa Msumbwa mpole, mtu wa maneno machache, aliyejifunzia kazi kwenye karakana ya mgodi wa almasi. Yeye akikuambia jambo haliwezekani, basi haliwezekani. Akinyamaza, ujue linawezekana ila ni kazi.

Siku ya giaboksi nilikwenda na kaka yangu Salehe. Huyu ni mkubwa kwangu kwa miaka mitano. Aliwahi kuendesha malori ya pamba ya chama cha ushirika, na chama kilipovunjwa akabaki na leseni mfukoni na mikono mitupu. Tangu nianze kulitengeneza lile gari, hakuna siku aliyoacha kuniambia, "Mdogo wangu, likiwaka tu, nakupeleka popote." Nami nilikuwa najibu, "Haya, kaka." Kosa langu ni hiyo "haya". Nilikuwa namdanganya kwa heshima.

Juu ya meza ya fundi kulikuwa na giaboksi mbili. Moja ilikuwa ya kawaida, ya gia za mkono, imetoka kwenye Landrova nyingine na kusafishwa ikang'aa. Ile ya zamani ya gari langu ilikuwa imeingia maji ya mvua miaka yote ile ikaoza. Ya pili ilikuwa nene, haina mahali pa klachi.

"Hii nayo ya nini?" Salehe akauliza.

"Otomatiki," Theonest akasema. "Imetoka kwenye ile gari ndogo ya Mzungu wa pamba iliyovaa mti Ibadakuli. Inabadili gia yenyewe. Unakanyaga mafuta na breki basi."

"Na nani kakutuma uilete?"

Theonest akaniangalia. Nikasema, "Mimi."

Salehe akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri aambiwe ni utani. Kisha akamgeukia fundi kana kwamba mimi nimetoka nje. "Weka ya kawaida. Dereva ni mimi, na mimi nimezoea gia za mkono."

Theonest hakugusa kitu. Akatueleza wote wawili, taratibu, kwamba ile otomatiki ni ndefu kuliko nafasi iliyopo. Kuiweka lazima akate chuma cha katikati ya chesisi na sehemu ya sakafu. "Nikishakata, dada, hii ya kawaida haikai tena. Hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo semeni kabla sijashika msumeno."

Hapo Salehe akaanza, na siwezi kusema alikuwa anaropoka. Alikuwa dereva wa kweli, na kila alilosema lilikuwa na mantiki. Mafuta ya otomatiki utayapata wapi nchi hii ambayo hata sabuni tunapanga foleni? Ikiharibika Segese, nani ataifungua? Ukiteremka mlima na mzigo, gia ndogo ya mkono inakushikia gari, hiyo je? Akaliacha kubwa mwisho.

"Na betri? Nitajie mtu mmoja mjini hapa mwenye betri nzima. Wote tunasukumwa. Asubuhi ukitaka kuondoka unaita vijana sita, wanasukuma, unaachia klachi, inawaka. Hilo dude lako lisukume mpaka Tinde, haliwaki. Kweli fundi, si kweli?"

"Kweli," Theonest akasema.

Najua walidhani wamenimaliza. Nikanyanyua gongo nikaonyesha mbele ya gari, chini ya rejeta. "Tundu lile la nini?"

"La hendeli ya kuwashia kwa mkono," fundi akajibu.

"Lete."

Salehe akasema hendeli imevunja mikono ya wanaume anaowajua kwa majina. Nikamwambia hao wanaume hawajatembelea gongo miaka thelathini na moja. Mtu anatazama mguu wangu, anausikitikia, hatazami mabega. Mabega haya yamenibeba mimi mzima kila siku ya Mungu, na sijawahi kuyapa likizo.

Injini ilikuwa imeshapandishwa, nyuma imeegemezwa gogo. Theonest akaniwekea hendeli na kunifundisha jambo moja tu: kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, kisizunguke chuma, ili injini ikirusha mkono usivunjike. Nikaegemeza nyonga kwenye bampa, mkono wa kushoto nikashika madigadi, wa kulia nikavuta kutoka chini kwenda juu. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ilirusha, hendeli ikachomoka mkononi, na nikashukuru kwa habari ya kidole gumba. Mara ya tatu nilivuta kwa hasira ya malori yote niliyowahi kuyasubiri. Ikawaka. Moshi wa bluu ukajaa gereji, tukakohoa wote watatu.

Theonest akaizima. Salehe alikuwa anaitazama ile giaboksi ya kawaida.

"Kwa hiyo mimi hunitaki," akasema.

"Nakutaka. Sitaki uniendeshe."

"Ni kitu kile kile."

"Kata, fundi," nikasema.

Salehe akatoka. Hakuja gereji tena wiki tatu, na nyumbani kwangu hakuja hata kula, yeye ambaye pilau yangu huinusa akiwa mtaa wa tatu. Iliniuma. Usiku mmoja nililia, halafu nikaamka nikaenda gereji kuangalia sakafu ilivyokatwa, na nilipoiona imekatwa nilifurahi. Vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Nilijifunza kuendesha kwenye uwanja mpana karibu na kiwanja cha ndege, Theonest amekaa kushoto kwangu, ananisifu kwa kunyamaza. Siku ya mtihani, askari wa usalama barabarani alinizungusha mji mzima akiutazama mguu wangu kuliko barabara. Tuliporudi akauliza, "Na huo wa kushoto unafanya nini?" Nikamjibu, "Umekaa tu, afande, kama abiria." Akaandika leseni.

Asubuhi ya safari ya kwanza, nimeshapakia mchele na khanga mpaka juu, nikamkuta Salehe amesimama mlangoni kavaa koti la udereva.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Naja. Ukikwama nani atakutoa?"

"Panda. Upande wa kushoto."

Akapanda. Hadi Kahama hakusema neno, lakini miguu yake ilisema. Kila gari lilipobadili gia lenyewe, mguu wake wa kushoto ulikanyaga sakafu kutafuta klachi, na mkono wake ukainuka kutoka pajani. Nilimwona, nikajifanya simwoni.

Baada ya Kahama barabara iliingia kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaonata ukipata mvua. Na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mbele yetu lori lilikuwa limezama mpaka ekseli, dereva wake amekaa juu ya boneti anavuta sigara, ameshakata tamaa. Salehe akakaa wima. "Simama. Nipe mimi hapa. Hapa si pa kujifunzia."

"Huna cha kukanyaga, kaka."

Nikavuta kijiti kifupi cha magurudumu manne, nikapita pembeni ya lori, kwenye majani. Gari likaanza kuzama taratibu na matako yake yakaenda upande. Salehe akapiga kelele, "Usiachie mafuta! Ukiachia umekwisha." Sikuachia. Na hapo ndipo nilipoielewa ile giaboksi kuliko fundi mwenyewe: mwenye klachi angekanyaga abadili gia, gari likapumzika nusu sekunde, na nusu sekunde ndiyo mbuga inayoitaka. Langu halikupumzika. Lilivuta polepole, bila kukatika, kwa mwendo wa mtu anayetembea, mpaka magurudumu ya mbele yakashika changarawe upande wa pili.

Nilisimama kupumua. Moyo wangu ulikuwa umejaa majivuno, sitaki kudanganya.

Salehe alikuwa anatazama mbele. "Nilikubeba mgongoni mpaka darasa la saba," akasema. "Kila siku. Mvua, jua. Wenzangu wanacheza mpira, mimi nakusubiri uandike. Sikulalamika hata siku moja."

"Najua."

"Hujui."

"Nilikuwa mgongoni, Salehe. Nilikuwa nasikia unavyohema. Kile kilima cha shule nilikuwa nabana pumzi nikidhani nikibana nitakuwa mwepesi. Miaka saba nimebana pumzi. Hakuna mtu ninayempenda duniani kama wewe, lakini sitaki kubebwa tena."

Salehe akajifuta uso kwa koti lile la udereva, akasema, "Ulikuwa mzito vile vile." Tukacheka mpaka yule dereva wa lori akageuka kututazama.

Segese tulifika adhuhuri, nikaegesha mbele ya banda ninalouzia. Wachimbaji walikuwa wamepanda kutoka kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, wamejaa vumbi mpaka kope, na kabla sijafungua turubai walikuwa wanaulizia mchele. Salehe alivua koti, akapanda juu ya mzigo, akaanza kupima na kutania. Sikujua kama ana kipaji hicho. "Wabeja, baba, wabeja," akiwashukuru Kisukuma chake kibovu, wanacheka, wananunua. Jioni ile mzigo ulikuwa umekwisha zaidi ya nusu na watu wameagiza mwingine. Asubuhi akaniambia, "Niachie banda hili. Mimi nauza, wewe leta. Sitaki tena kukaa kwenye kiti kile, miguu inaniuma kwa kutafuta kitu ambacho hakipo."

Kwa hiyo nilirudi peke yangu.

Mbuga ilikuwa imekauka kidogo, nikaipita. Kupita hapo ni uwanda mtupu, ng'ombe kwa mbali, hakuna nyumba. Nikakanyaga breki, gari likasimama katikati ya barabara. Halikuwa limekwama wala limeharibika, na sikuwa nimefika popote. Nilizima injini nikakaa.

Maisha yangu yote nilikuwa nasimama pale aliyenibeba alipochoka. Siku ile nilisimama kwa sababu nilitaka kusimama, na hapakuwa na mtu duniani aliyejua niko wapi. Nililia, nikacheka, nikala chungwa. Niliposhiba kukaa, nikashuka na hendeli, nikawasha gari nikaenda zangu.