Kufunika Beseni Mara ya Pili

Saa moja asubuhi Emerance aligeuza beseni lake juu chini katikati ya meza, akalipiga kofi kama ng'ombe mkaidi, na soko zima la Birere likajua kwamba amefilisika. Ndivyo wanavyofanya wauzaji wa safu ile. Aliyeanguka hufunika beseni, kisha huenda ofisi ya chama chao. Katibu akishampigia muhuri, mwanachama yeyote aliyemkopesha hana ruhusa ya kumdai tena, na meza inabaki yake.

Aliuza jibini la Masisi. Tangu vita viingie mjini, vizuizi vya njiani vilikuwa vimepandisha bei mara mbili, benki zimefungwa, na wateja walikuwa wakinusa tu na kwenda zao. Nsanzimana, mwanachama aliyempa mzigo kwa mkopo, alikuwa ameapa kuichukua meza Jumamosi. Leo ilikuwa Ijumaa. Hata hivyo Emerance alitembea akitaniana na waendesha pikipiki, maana kanuni aliijua kwa kichwa: kati ya kufunika mara ya kwanza na ya pili lazima ipite miaka minne, na yake ilikuwa imetimia juzi.

Alimkuta Kakule, katibu wa chama, akipanga vipande vya jibini juu ya mkate. Katibu alifungua daftari kubwa kwa mkono mmoja.

«Mama Emerance, haiwezekani. Mara ya kwanza ulifunika mwezi wa kumi.»

«Papa, volkano ilipasuka mwezi wa tano. Miye nilifunika mwezi wa sita. Moto ilikula duka yote, nilikuwa ningoje nini tena?»

«Tunahesabu tangu siku ya kashe, siku ya muhuri. Kashe inasema octobre. Inabaki miezi ine.»

«Na kashe ilikuwa wapi?»

Kakule akakohoa. Foleni nzima ilijua. Mwaka ule alikimbilia Minova kwa shemeji zake, muhuri mfukoni, samaki wa huko wakamnogea, akarudi mwezi wa kumi.

«Kanuni ni kanuni, mama.»

Emerance aliogopa. Aliiona meza yake ikibebwa kesho, meza ya miaka kumi na mmoja. Kisha macho yake yakatua kwenye ule mkate.

«Sawa,» akasema, akichomoa kijidaftari kwenye pindo la kitenge. «Kama sikuanguka, basi ningali commerçante, mufanyabiashara. Na commerçante anadai watu. Fromaji kumi na moja kama hiyo ya mkate yako, papa, ulikopa tangu janvier. Leta pesa, nimulipe Nsanzimana.»

«Ngoja mwisho ya mwezi.»

«Kama hauna, funika beseni. Wewe haujafunika hata mara moja, hautangoja hata siku. Fomu ni dola tano.»

Nyuma yake Mama Charline, muuza maharage, alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Kakule aliufunika mkate kwa karatasi. Akavuta daftari, akakata neno moja, akaandika jingine juu yake, akajaza fomu na kupiga muhuri. Octobre ikawa juin, mwezi wa sita. Miezi minne iliyotosha kumnyang'anya mtu meza yake ilikwisha kabla chai ya katibu haijapoa. Emerance alifurahi, na hasira pia zilimpanda. Alimkumbuka Laurence, muuza makaa, aliyekataliwa wiki iliyopita kwa kupungukiwa siku tisa. Katibu hali makaa.

«Sasa futa ile deni yangu,» Kakule alinong'ona.

Emerance aliikunja fomu yenye muhuri, akaichomeka vizuri ndani ya kitenge, akasimama.

«Nitafuta, papa, usiogope. Ila bic yangu, kalamu ya kufutia, imeenda Minova. Itarudi mwezi wa kumi.»