Chumba cha Kumi na Nne

Saa nne asubuhi, wageni walipokwisha kuondoka na basi la stesheni, Fusae alipanda ghorofa ya pili kukunja magodoro ya kulalia sakafuni. Akamkuta mama yake, aliyefariki mwaka jana, keshamaliza vyumba vitatu.

"Umechelewa," mama alisema. "Na huyu wa kumi na nne kamwaga chai kwenye mkeka. Watu gani hawa!"

"Ndio hao wa nusu bei, mama." Fusae akachukua kitambaa.

Tangu serikali ianze kuwalipia wasafiri nusu ya malazi, hoteli ile ya chemchemi za moto, huko milimani mkoani Akita, ilijaa pomoni kila siku. Wageni mara mbili, wahudumu walewale wanne. Jamani, mtu ana mikono mingapi? Godoro halitandikiki haraka zaidi eti kwa kuwa mgeni kapunguziwa. Marehemu waliowahi kufanya kazi pale walivumilia kutazama wiki mbili, kisha wakarudi na aproni zao. Chakula hawakugusa, ila sabuni mpya waliilalamikia kutwa.

Fusae alitaka siku moja tu, Alhamisi, ahudhurie kumbukumbu ya mwaka wa mama yake hekaluni. Aliomba tangu kiangazi. Aliambiwa asubiri aajiriwe mhudumu wa tano.

Jumatatu akaja afisa wa utalii. Alimwomba mama ampishe kwenye korido, akahesabu wahudumu, akaandika wanne. Fomu haikuwa na nafasi ya marehemu.

"Tija imepanda maradufu!" alisema. "Hongera sana."

Bi Kurosaki, mwenye hoteli, aliinama hadi kiunoni. Kisha akamgeukia Fusae. "Umesikia mwenyewe, dada. Mnatosha. Na Alhamisi tumejaa, unisamehe."

"Ni siku ya mama yangu!"

"Si huyo hapo juu? Muulize kama ana neno."

Fusae alipanda ngazi akifoka. "Mama, acha kazi! Ungetulia kaburini ningeshapata mtu."

"Nitulie, wewe ukivunjika mgongo? Toka hapa!"

Alhamisi ndugu walifukiza ubani mbele ya picha ya marehemu. Saa hiyohiyo, mama na binti walikuwa chumba cha kumi na nne. Mama alisimama kidogo, akasikiliza.

"Wananisomea," alisema. "Kasisi anaruka mistari."

Fusae alikuwa analia kwa hasira. Mama akamrushia ncha ya shuka.

"Vuta upande wako. Wageni wa saa tisa wamefika."