Sauti Iliyomrudisha Baba Mkwe

Kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile ni maji. Jioni iliyotangulia baba mkwe alikanyaga theluji mlangoni mwa kibanda cha wachungaji, akaacha alama za viatu. Usiku zilitakiwa kuganda ziwe ngumu kama bakuli. Nilipotoka kujaza birika, zilikuwa zimejaa maji.

Nilitaka kusema, nikanyamaza. Kwetu milimani mkamwana haanzi mazungumzo na mkwewe, na jina lake halitaji kabisa, hata akiwa peke yake zizini na ng'ombe. Tangu niolewe sikuwahi kulitamka. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, naye simtaji kwa jina. Namwita Bwana Mdogo, kwa sababu anapenda sana kioo.

Nikamvuta kando. "Theluji haikuganda usiku," nikamnong'oneza. "Ule mteremko tunaokwenda kuvuka utaanguka."

"Umeanza lini kutabiri, shemeji? Niambie basi nitaoa lini."

"Siku utakayofunga mdomo. Mwambie baba."

Akamwambia. Baba mkwe alikuwa akifunga kamba za kofia yake ya manyoya kidevuni, masikio yote yako ndani.

"Jua likiwa halijaugusa mteremko, theluji imelala," akasema. "Baba yangu alivuka hivyo, na baba yake pia. Twendeni."

Farasi wetu majike walikuwa ng'ambo ya korongo, wana mimba, nyasi zimewaishia na mbwa mwitu wameanza kuwazunguka. Mume wangu yuko Moscow anabeba matofali, ndiyo maana nilikuwepo mimi. Tulikwenda kwa miguu, kwa kuwa theluji iliyolainika humzamisha farasi hadi tumboni. Sisi ilituzamisha hadi magotini. Chini yake nilisikia maji yakikimbia.

Pale kwenye mteremko watu huvuka mmoja mmoja. Baba mkwe alitangulia. Alipokaribia katikati, niliona vidonge vya theluji vikibingirika kutoka juu, vichache, kama punje kutoka gunia lililotoboka. Bwana Mdogo naye akaviona. Utani wote ukamwisha.

"Baba! Baba, rudi!"

Baba mkwe akapunga mkono bila kugeuka. Asubuhi nzima mwanawe alikuwa akimwita hivyo: baba tupumzike, baba mkate uko wapi.

"Baba!"

Ndipo nikaliita jina lake. Lilinitoka kwa nguvu ambayo sikujua kama ninayo.

Akasimama. Akageuka kama mtoto anayeitwa nyumbani, akaanza kurudi mbio, anaanguka, anainuka. Alikuwa karibu kutufikia mteremko ulipokatika nyuma yake. Mwanzo haukuwa na kishindo. Ulikuwa mvumo tu, kama mtu anayeshusha pumzi ndefu. Kisha korongo lote likajaa vumbi jeupe. Lilipotulia, njia haikuwepo.

Baba mkwe aliketi kwenye theluji, akafungua kofia. Alikuwa analia.

"Mmemsikia?"

"Nani, baba?"

"Mama. Ameniita kwa jina."

Mama yake alishazikwa, na hakuna mwanamke aliye hai anayemwita kwa jina. Hata mkewe humwita "mzee wa nyumba". Bwana Mdogo akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Nyumbani tulikaanga mikate ya mafuta ili harufu yake imfikie marehemu. Majirani wakaja, Kurani ikasomwa, na kila aliyeingia alisimuliwa upya kisa cha ile sauti. Aliyekuwa akikaanga ni mimi. Bwana Mdogo akaja kuiba mkate wa moto.

"Shemeji, marehemu bibi ana sauti kama yako."

"Nyamaza wewe."

"Si nimenyamaza? Mwache alie. Tangu tumzike bibi hakuwahi kulia."

Ningeweza kuridhika. Jina lingebaki kinywani mwa marehemu, na mimi ningebaki mkamwana mwenye adabu. Lakini upepo wa joto haukukoma. Paa lilidondosha maji usiku na mchana. Kesho yake, wakati wa chai, baba mkwe akaomba buti zake zikaushwe vizuri.

"Alfajiri nawafuata farasi," akasema.

Mama mkwe akaweka mkate chini. "Mzee wa nyumba, mlima umekutema mara moja. Unataka ukutafune kwanza ndiyo uamini?"

"Hautanitafuna. Kukiwa na hatari, mama ataniita."

"Basi nakuja nawe," akasema Bwana Mdogo.

"Hapana. Naenda peke yangu. Wewe una kelele, nitashindwa kumsikia."

Hakuna aliyecheka. Jirani mmoja akasema inshallah.

Nilikuwa nimeshika bakuli lake la chai, nimelijaza nusu kama inavyopasa. Sikumpelekea. Bwana Mdogo aliniona, akatikisa kichwa polepole: usiseme. Nilijua kwa nini. Ningemnyang'anya mzee mama yake mbele ya watu, na ningefanya hivyo kwa kuvunja mwiko.

Nikaliweka bakuli chini. Nikamtazama baba mkwe usoni, jambo ambalo nalo halifanywi.

"Aliyekuita hakuwa mama," nikasema. "Ni mimi. Kesho hakuna atakayekuita. Usiende, Toktosun."