Kikombe cha Askari Rantala

Kila Lempi anapokanda mkate wa iliki, mji wa machimbo humrudia kama ulivyokuwa: vumbi jekundu la chuma kwenye shuka zilizoanikwa, king'ora cha mgodi, na mumewe Arvid akiimba kwa Kifini huku akinyoa ndevu. Alikuwa na sauti nzuri, Arvid. Mkono wake ndio uliokuwa mbaya.

Kwa Wafini wa mji ule, huko Minnesota, Marekani, mtu haingii nyumbani akatoka bila kahawa. Akishakunywa ni mgeni, na mgeni hamkamati mwenyeji wake. Kila jirani aliposikia kipigo na kupiga simu polisi, alikuja askari Toivo Rantala, aliyesoma darasa moja na Arvid. Lempi, mdomo umevimba, alimimina. Vikombe viwili, habari za samaki, kisha: "Arvid, zunguka mtaa upoze kichwa." Yakaisha.

Asubuhi moja, theluji ikiyeyuka, alimimina tena, mkono umeshazoea. Jicho moja lilikuwa limefumbwa na uvimbe, kahawa ikamwagikia sahani. Moyoni aliomba: asinywe. Akinywa ataondoka, na mimi nitakiona cha moto.

Rantala alibaki amesimama, kofia kichwani.

"Kaa bwana, inapoa," alisema Arvid. "Tangu lini unakataa kahawa ya shemeji yako?"

"Tangu Jumatatu. Sheria imebadilika. Nikikuta alama mwilini, naondoka na aliyepiga."

"Alama gani? Kajigonga kabatini huyo. Muulize mwenyewe!"

Lempi alishika ukingo wa meza. Swali hilo alikuwa amelijibu miaka yote, na jibu lake lilikuwa lile lile la kabati.

"Simuulizi," alisema Rantala. "Si yeye anayekukamata, ni mimi. Vaa viatu."

"Toivo! Tumevua samaki pamoja tangu utoto!"

"Najua. Vaa viatu, ndugu yangu."

Mlangoni Rantala aligeuka, macho mekundu. "Shemeji, kikombe changu kinywe wewe."

Lempi alikinywa akiwa kwenye kiti cha dirishani, kiti cha Arvid. Kahawa ilikuwa bado ya moto. Yeye aliyezoea kunywa ya mwisho, iliyopoa.

Arvid alirudi siku moja tu, kuchukua wembe wake. Nyimbo aliziacha. Mpaka leo Lempi huziimba, mikono imejaa unga, na ubeti asioukumbuka huupigia mluzi.