Mzee Sabiri Aja Kuchukua Hati

Chai ya tangawizi ilikuwa imeshazunguka meza zote za ofisi ya ardhi, na Hamdiya wa masijala amekwisha kumsema bi harusi wa jana kuanzia kucha hadi kisogo, Nasma alipobonyeza kitufe na skripti yake ikaanza kazi. Skripti ni maagizo tu; kompyuta huyafuata bila kuuliza.

Mafaili ya mashamba yalitoka vijijini kila moja na tabia yake. Pongwe walitenganisha majina kwa mkato, wengine kwa nuktamkato, wengine waliacha nafasi tupu, ukitaka kujua jina linaishia wapi kamuulize aliyeandika. Basi Nasma akaiagiza skripti ishike neno lililokuwamo kote: marehemu. Jina la kabla yake ni la aliyekufa. La baada yake ni la mrithi, ndiye apewe hati ya shamba.

Mtendaji wa kijiji cha Mkwaja alilelewa vizuri. Baba wa mtu akiwa amefariki, hamtaji bila kumpa heshima yake. Aliandika: Tausi binti marehemu Sabiri, shamba la mihogo. Skripti ikamzika Tausi, ikamrithisha babake.

Alhamisi Mzee Sabiri akaja ofisini Mabawa, sanda imekaa vizuri begani, mchanga kwenye nyusi. Nyuma yake walisimama akina baba wengine wa Mkwaja, foleni imenyooka.

“Shikamoo babu,” alisema Hamdiya. “Mmetoka makaburini moja kwa moja?”

“Marahaba. Tulipitia msikitini kwanza. Kiti hiki kina mtu?”

“Kaa, babu. Chai utakunywa?”

“Tumeshaacha.”

Tausi alikuja naye. Nasma alimshika kidole akakibonyeza kwenye wino, wino haukushika. Cha babake kilishika mara moja.

“Mpeni mwanangu hati,” alisema mzee. “Mimi shamba nalipeleka wapi?”

Bwana Yaqoub, mkuu wa ofisi, alimjibu kwa adabu. “Mzee wangu, mfumo unakutambua wewe.”

“Jumatatu kampuni ya chumvi inakuja kupima,” alisema Tausi. “Mwenye hati asipotokea kuonyesha mpaka wake, shamba linakwenda. Na baba karuhusiwa leo tu.”

Nasma akainuka. “Bosi, ni mstari mmoja wa skripti. Adhuhuri haitanikuta sijamaliza.”

“Taarifa imeshakwenda juu, na tumesifiwa. Ukiirekebisha, tutaulizwa tulikuwa tunasifiwa nini.”

Nasma akaketi. Mzee Sabiri akapewa hati yake, akaikunja, akaitia ndani ya sanda, akaaga meza kwa meza.

Jumatatu Nasma alikwenda Mkwaja, akasimama kando ya Tausi kwenye mihogo. Mpimaji wa kampuni akafungua karatasi zake.

“Sabiri yupo?”

“Yupo,” alisema Tausi. “Yule pale, penye jiwe.”

Mpimaji alivua kofia, akasoma Fatiha yote bila haraka. Kisha akakisogeza kidogo kigingi cha kampuni, kisiguse kaburi.

“Na wewe ni nani?”

“Bintiye.”

Akatafuta. “Humu umeshafariki, dada. Pole sana.”

“Ahsante,” alisema Tausi.

Chini ya jiwe ikasikika karatasi ikikunjuliwa, taratibu, kama ya mtu anayetafuta miwani. Mpimaji alisubiri ikome, ndipo akapiga nyundo.