Mume Wangu na Kitufe cha Shift

Mimi nina wivu, sifichi. Wenzangu wivu wao huanzia kwenye manukato ya shati. Wangu ulianzia kwenye kibodi.

Tuna ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la miwani. Mimi na mume wangu tunaandika programu za maduka, na juzijuzi tukamwajiri binti wa kuzijaribu kabla hazijamfikia mteja. Tukawa tunamwita Mpimaji. Msichana mpole, kucha fupi, na kila asubuhi, "Shikamoo, mama." Sikuipenda hiyo shikamoo.

Jumatatu moja mume wangu akabeba kiti chake kutoka meza yetu akakipeleka kwa binti. "Kule kuna mwanga," akasema. Mwanga gani, na dirisha liko kwangu?

Nikawa natega sikio. "Shika Control na Shift, halafu bonyeza mshale," binti anamwambia. "Umeona? Neno zima limeshikwa. Bonyeza tena, linashikwa na la pili." Mume wangu anacheka kama mtoto aliyepewa baiskeli. Kuchagua maneno bila mausi, kitu ninachokifanya nikiwa nimefumba macho. Miaka yote anaburuta mausi juu ya mstari, anapitiliza, anarudi nyuma, nami namtania kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hakuwahi kuniuliza hata siku moja. Leo anafundishwa na mtoto wa watu. Penye moshi hapakosi moto, nikajiambia, na roho ikaniuma hasa.

Siku hiyo nilikuwa na kazi ndogo ya duka la dawa. Kitufe kimoja kilichoandikwa "Hifadhi" kilitakiwa kiandikwe "Futa". Nikaweka kishale kwenye neno, nikabonyeza Control na D ili nilichague. Kule mezani wakacheka. Nikageuza shingo, kidole kikabaki kinabonyeza tu. Sasa, ukirudia kubonyeza hapo, linashikwa neno kama hilo linalofuata, na linalofuata, hadi yale ya chini kabisa usiyoyaona. Nikaandika "Futa" jicho likiwa kwa mume wangu, kazi nikaituma moja kwa moja kwa mteja. Eti nimpitishie kwanza Mpimaji. Bora nife.

Mchana mwenye duka akapiga simu. Nikamweka kwenye spika.

"Dada, huku kwangu kila kitufe kimeandikwa Futa. Wafanyakazi wanaogopa kugusa kitu. Tuhifadhi wapi?"

Kabla sijajibu, mume wangu alishafika na kuketi kwenye kiti changu. "Subiri kidogo, bosi, tunarekebisha," akamwambia, akazima sauti ya upande wetu. "Mama Pacha, niachie hii."

Nikasimama nyuma yake. Vidole vyake vilikwenda kweli, mausi hakuigusa. Hapo ndipo nilipochemka.

"Naona umefundishwa vizuri," nikasema. "Na nguo zako nikupangie kabisa uhamie kwake?"

Mpimaji akachukua chupa yake ya maji, akatoka nje.

Mume wangu hakugeuka. "Nilimwomba mimi anifundishe. Ningekuomba wewe, lakini wewe hufundishi, unapokonya. Nikichelewa kidogo tu, 'Lete hapa', unachukua kibodi, unamaliza. Hata mbele ya wateja. Miaka yote navionea wivu hivyo vidole vyako, mke wangu."

Niliona aibu, na ndani ya aibu nikaona raha kidogo, kwamba kumbe hakuna mwanamke hapa, ni mimi tu na yeye.

Akaendelea kuchagua, "Futa" moja baada ya nyingine, azirudishe zote kuwa "Hifadhi", akitakiwa kuiruka ile moja tu aliyoiagiza mteja. Alipoifikia akasita. Akabonyeza, alama zote zikapotea. Akaanza upya, akasita palepale. Kwenye simu mwenye duka alikuwa anapumua. Mimi pa kubonyeza nilipaona. Tulia, mwanamke, nikajiambia, mwache.

"Lete hapa," nikasema, na mkono ulikuwa umeshafika.

Akaondoa vidole vyake taratibu, akasimama, akanipisha. Nilimaliza kabla mwenye duka hajakohoa. Nilipoinua kichwa, mume wangu alikuwa amechukua na chaja yake, amekaa kule meza ya binti, na Mpimaji alikuwa bado hajarudi.