Kahawa Iliyopelekwa Langoni

Katika nyumba ya Anziza, pale Moroni, mpika kahawa alikuwa mume. Mwanzoni majirani walicheka. Elarif alikuwa mtu wa Mutsamudu, kwenye kisiwa cha jirani, mwalimu wa hesabu, aliyekuja Moroni kikazi, akamwoa Anziza na kuhamia kwake, maana desturi ya huko ni mume kuifuata nyumba ya mke. Wali hakujua kupika, hata yai lilimshinda. Lakini kahawa hakutaka mtu mwingine aiguse.

Buni zilitoka kwao. Mama yake, Bi Zaitoun, alikuwa na kishamba huko Patsy, kwenye vilima vya juu ya Mutsamudu, na kila alipompata msafiri wa kuaminika alimtumia mwanawe mfuko. Elarif alizikaanga mwenyewe kwenye sufuria nzito, akizigeuza kwa mwiko bila kuchoka mpaka moshi mwembamba upande na buni zianze kung'aa kwa mafuta yao zenyewe. Akazimwaga kwenye ungo zipoe, akazitwanga pamoja na iliki na kipande cha tangawizi kavu. Anziza alizoea kuamka kwa mlio wa mchi. Kabla hajafumbua macho vizuri, mumewe alikuwa ameshamletea finjani kitandani, na hakuondoka mpaka amwone amepiga funda la kwanza.

"Leo ikoje?"

"Chungu," Anziza alimjibu kila siku.

"Basi imeiva." Sukari hakutia hata chembe. Mtu akiomba, alimwambia aende akanywe chai kwake.

Kilichobaki kwenye birika kilikuwa cha wanaume waliotoka msikitini alfajiri. Walikaa naye barazani, wakanywa, wakazungumza. Ulikuwa mwaka 1985. Wazungu wa kukodiwa, walioingia na bunduki zao mwaka 1978, walikuwa bado ndio wanaoamuru askari wa nchi, na watu walijifunza kukatiza maneno gari lao likipita. Asubuhi moja Elarif, finjani mkononi, akasema:

"Mgeni gani huyu, miaka saba yuko kwetu, na funguo za nyumba anazo yeye?"

Mmoja alicheka. Wengine walitazama vikombe vyao. Haikujulikana kamwe nani aliyeyabeba maneno yale, ila yalibebwa.

Walikuja siku chache baadaye, jua likichomoza. Askari wawili walishuka garini; mzungu aliyewaleta alibaki amekaa, akivuta sigara. Elarif alikuwa amechutama mbele ya jiko, na kahawa ilikuwa inakaribia kuchemka. Alisimama, akajifuta mikono, akaomba avae shati. Binti yao mdogo, Nafissa, akamshika mguu wa suruali, ikabidi Anziza ambandue kidole kimoja kimoja.

"Mama Nafissa," Elarif akasema akiwa mlangoni, "itoe motoni isije ikafurika."

Anziza aliitoa. Alipogeuka, gari lilikuwa linaondoka.

Tangu siku hiyo baraza lilikuwa tupu. Watu walimwamkia Anziza kwa mbali. Alipojua mumewe amefungwa wapi, alikwenda na chakula, akarudishiwa. Alikwenda na nguo, akarudishiwa. Kwa kutojua afanye nini tena, akatwaa buni za mumewe akazikaanga. Mara ya kwanza aliziunguza. Mara ya pili zilikuwa mbichi ndani, kahawa ikanuka majani. Aliendelea, akikumbuka mikono ya Elarif, rangi ya buni, ule mpasuko mdogo wa maganda, mpaka harufu iliyojaa jikoni ikawa ileile, naye akakaa chini akalia. Akaimimina kwenye thamosi, akaipeleka langoni.

Askari wa zamu, mtu mzima kidogo aliyeitwa Soidri, aliitazama thamosi, akatazama nyuma yake, akaipokea. Baada ya muda akairudisha tupu, imesuuzwa vizuri.

"Amekunywa?"

"Amekunywa, mama. Anakusalimu."

Anziza alirudi nyumbani kama aliyerudishiwa mtu wake. Tangu hapo ikawa kazi yake. Alikwenda soko la Volo Volo kuchagua iliki, akizifungua moja moja kwa kucha aone kama zina mbegu nyeusi. Soidri alimletea maneno: anasema imempendeza, anasema safari ijayo ongeza tangawizi. Anziza aliongeza tangawizi. Alimwandikia Bi Zaitoun kwamba mwanawe anakunywa kahawa yake huko aliko, na Bi Zaitoun akatuma mifuko mingi kuliko zamani. Mwezi wa Ramadhani Anziza aliipeleka jioni, ikiwa moto, ili mumewe afuturu nayo.

Idi Kubwa ilikuwa imepita aliposimama langoni asubuhi moja, na Soidri akamrudishia thamosi akitabasamu.

"Anasema imekolea. Ila safari ijayo tia sukari kidogo."

Anziza alinyoosha mkono kuipokea, mkono ukabaki hewani.

"Anasema nini?"

"Sukari, mama. Kidogo tu."

"Nani anayesema hivyo?"

Tabasamu lilimtoka Soidri usoni taratibu, akaanza kukihangaikia kifungo cha shati lake.

"Kaka yangu," Anziza akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno, "mume wangu yuko wapi?"

"Nenda nyumbani, mama."

"Tangu lini?"

"Mwezi uleule walipomleta. Siku zile zile za mwanzo." Alizungumza akitazama ardhi. "Walitukataza kusema. Nawe ulikuja na ile thamosi, na uso ule. Nilishindwa."

"Na Ramadhani? Ni wewe uliyefuturu kwa kahawa yangu?"

"Tulifuturu wote," Soidri akajibu.

"Mmemzika wapi?"

"Sijui. Wallahi sijui."

Anziza aliichukua thamosi mkononi mwa Soidri. Aliiweka chini mbele ya lango, akaondoka. Imamu wa mtaa alipohesabu miezi, alimwambia hana eda ya kukaa. Ilikwisha siku nyingi. Anziza alikuwa ameimaliza bila kujua, amevaa nguo za rangi, akimkaangia mumewe kahawa.

Alipanda meli na Nafissa kwenda Mutsamudu. Kutoka bandarini alipita vichochoro vya mji wa kale, vyembamba kiasi cha watu wawili kupishana kwa mabega, mpaka nyumba ya mkwewe chini ya ngome. Bi Zaitoun alikuwa juu ya dari ameanika buni, akitoa mbovu. Alimwona mkwewe akainuka kwa furaha.

"Umezifuata mwenyewe! Mfuko wa mwanangu uko tayari."

Anziza alipiga magoti akamwambia. Bi Zaitoun alisikiliza, na mikono yake ikaendelea kuchambua, mbovu huku, nzima huku. Kisha akauliza:

"Na kahawa niliyotuma, nani ameinywa?"

Anziza angeweza kusema Elarif. Alilitaka jibu hilo kuliko kitu chochote.

"Askari, Mama."

Bi Zaitoun alizikusanya buni zote kwa viganja, nzima na mbovu, akazitupa kichochoroni.

"Nimewalimia wao," akasema. "Wewe umewapikia. Ondoka mbele yangu."

Anziza alishuka, akakaa kwenye ngazi na mtoto, hana pa kwenda. Ndugu wa mume ndio waliomrudisha ndani. Siku ya hitima, nyumba ilijaa watu, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kumwomba Bi Zaitoun afungue ghala. Anziza alilifungua mwenyewe. Alikaanga, akatwanga, akapika. Wageni walipokwisha kunywa, alimpelekea mkwewe finjani, akaiweka karibu yake.

Bi Zaitoun aliichukua, akaonja. Maisha yake yote alikunywa kahawa yenye sukari.

"Chungu hivi?"

"Ndivyo alivyokuwa akiipika."

"Sikujua," Bi Zaitoun akasema. "Alianza kupika alipokuja kwako. Mimi sijawahi kuinywa kahawa ya mwanangu." Ndipo kilio chake kilipotoka, kilio cha sauti kubwa, na aliyemshika ili asianguke alikuwa Anziza.

Hawakutengana upesi. Anziza alikaa Mutsamudu mpaka mvua zilipoanza, na Bi Zaitoun alijifunza kwake kuinywa chungu. Mwaka 1989, wazungu wale walipoondoka, Anziza alikwenda tena kwenye lango lile kuuliza kaburi. Askari asiyemjua alimwambia jina hilo halimo kwenye daftari. Bi Zaitoun alikuwa ameshafariki, na Anziza, akishuka barabarani amemshika Nafissa mkono, alimshukuru Mungu kwamba safari hii hakuna mtu wa kumpelekea habari.